Rwagasore: Mwana wa Mwami aliyeikabili Ubelgiji kwa duka na kura

Mfanyabiashara anayeingia Bujumbura hawezi kulikwepa jina la Louis Rwagasore. Barabara kubwa ya katikati ya jiji imepewa jina lake. Noti ya faranga 10,000 iliyotolewa mwaka 2004 ilibeba sura yake pamoja na ya Melchior Ndadaye. Kila tarehe 13 Oktoba Burundi hupumzika kazi kumkumbuka, na malori yanayofika siku hiyo kutoka Kobero, Mugina au Gatumba hukuta shughuli nyingi zimesimama.

Wengi wanamjua kama shujaa wa uhuru aliyeuawa kijana. Kinachojulikana kidogo ni kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mtu wa ushirika wa wafanyabiashara, na kwamba alipotaka kuutikisa utawala wa Ubelgiji hakukusanya mikuki wala bunduki. Aliwaambia watu wake wasinunue katika maduka ya Wabelgiji na wasilipe kodi, kisha akawapeleka kwenye sanduku la kura. Kwa njia hiyo alishinda. Kisha akapigwa risasi.

Ndiyo maana maisha yake, yaliyokatika akiwa na umri wa miaka 29, bado yanahusu kila mtu wa eneo hili la Maziwa Makuu anayejiuliza kama mnyonge hujikomboa kwa kuasi au kwa kukataa kwa amani.

UKOO ULIOKWISHA KUPIGANA

Rwagasore alizaliwa tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV na Thérèse Kanyonga. Katika ukoo wake habari za vita hazikuwa hadithi za mbali. Babu wa baba yake, Mwami Mwezi Gisabo, alipambana na Wajerumani kwa miaka kadhaa. Askari wake walikuwa na mikuki na pinde. Wenzao walikuwa na bunduki za kisasa, na zaidi ya hapo walikuwa na Warundi wenyewe waliokosana na Mwami, akina Maconco na Kilima, waliokubali kuwaonyesha njia wageni.

Mwisho wake ulikuwa mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903. Mwezi Gisabo aliachiwa kiti chake, lakini alilazimishwa kuutambua utawala wa Ujerumani na kutoa faini ya ng'ombe 424. Kwa nchi ambayo ng'ombe alikuwa mali, heshima na mahari kwa pamoja, faini hiyo ilikuwa njia ya kumwonyesha kila mtu nani sasa ndiye mkubwa.

Ubelgiji, iliyowafukuza Wajerumani mwaka 1916, haikuja na mzigo mwepesi zaidi. Iliitawala Ruanda-Urundi kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, na baadaye ya Umoja wa Mataifa, lakini mwananchi wa kawaida aliuona utawala huo katika mambo matatu: kodi ya kichwa, kazi za lazima za barabara, na mibuni aliyolazimishwa kupanda. Aliyekaidi alichapwa kiboko.

Mwaka 1934, Rwagasore akiwa mtoto wa miaka miwili, wananchi wa kaskazini magharibi mwa nchi waliasi wakiongozwa na mwanamke aliyejulikana kama Inamujandi. Walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi za shokoa, na waliamini kwamba Mwami mpya angekuja kuwaondolea adha hiyo. Wabelgiji waliuzima uasi huo kwa nguvu. Kodi iliendelea, barabara ziliendelea, na kahawa ikaongezeka.

Kwa hiyo kizazi cha Rwagasore kilikulia katika nchi ambayo imekwisha kulijaribu jibu la silaha mara zaidi ya moja. Hakuna aliyeweza kusema Warundi walikuwa waoga. Walichokosa ni nguvu zinazolingana, na pia umoja, kwa sababu kila mara adui alipata mlango wa kuingilia miongoni mwao wenyewe.

KUTOKA ASTRIDA HADI ANTWERP

Kijana huyo alisomeshwa katika shule za Kikatoliki, kisha akapelekwa Astrida, mji unaoitwa leo Butare au Huye, nchini Rwanda. Shule ya Astrida ndiyo iliyokuwa ikiwaandaa watoto wa machifu wa Rwanda na Burundi kuwa watumishi wa utawala. Miaka ya 1950 alikwenda Ubelgiji, akasoma Antwerp katika chuo kilichofundisha mambo ya utawala wa makoloni.

Wabelgiji walitarajia kumpata Mwami wa baadaye mwenye adabu. Aliporudi nyumbani, miaka michache kabla ya mwongo huo kwisha, walimkuta mtu aliyekuwa akitazama mahali ambapo watoto wa wakubwa hawakuwa na kawaida ya kutazama: sokoni.

DUKA NDANI YA NCHI YA WATU WENGINE

Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ulikuwa mji wa biashara ambao Warundi walikuwa na sehemu ndogo sana ndani yake. Mizigo ya nje ilishushwa Dar es Salaam, ikasafiri kwa reli hadi Kigoma, kisha ikavushwa ziwani. Katika bandari zote mbili za Tanganyika Ubelgiji ilikuwa na eneo lake maalumu, lililojulikana kama Belbase, lililopatikana kwa mkataba na Waingereza wa mwaka 1921. Mzigo ulipofika Usumbura uliingia katika maghala ya kampuni za Kibelgiji na ya wafanyabiashara wa Kigiriki, Kihindi na Kiarabu. Mrundi alikuwa mwisho wa mnyororo: aliuza kahawa yake kwa bei aliyopangiwa, akanunua kitambaa, chumvi na jembe kwa bei aliyopangiwa pia.

Mfanyabiashara mdogo mweusi alikuwepo, hasa katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Buyenzi ulikuwa, na bado ni, mtaa wa Waswahili: Waislamu wenye asili ya Ujiji, Kongo, pwani na kwingineko, waliozungumza Kiswahili na kuishi kwa uchuuzi, ushonaji, uvuvi na usafirishaji. Walijua njia zote za ziwa. Hawakuwa na mtaji, na benki hazikuwa zao.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Wazo lake lilikuwa rahisi. Muuza duka mmoja hawezi kuagiza kontena la bidhaa wala kubishana na mwenye ghala. Wauza maduka mia moja wakiweka fedha pamoja wanaweza kununua kwa jumla, kupata mkopo, na kuuza bila kumpa mtu wa kati faida yote.

Ushirika huo haukuwa na maisha ya raha. Ulielemewa na madeni, na utawala wa Kibelgiji, ulioona siasa nyuma ya biashara hiyo, haukuwa na hamu ya kuuokoa. Kwa hesabu ya fedha, haukufanikiwa. Kwa hesabu nyingine, ulifanya kazi kubwa. Ulimkutanisha mwana wa Mwami na wachuuzi, madereva na mafundi cherehani. Ulimfundisha kwamba katika nchi ambayo kila kitu kinapita dukani, aliye na wateja ana nguvu hata kama hana bunduki. Waswahili wa Buyenzi wakawa miongoni mwa wafuasi wake wa kwanza.

Mtaa huo tayari ulikuwa na uzoefu wake wa kukataa. Katika miaka hiyo ya 1950 Wabelgiji waliwatoza kodi maalumu wanawake wasio na waume mjini. Wajane na wanawake walioachika wa Buyenzi, wengi wao Waislamu wenye heshima zao, waliona kodi hiyo inawaweka kundi moja na malaya. Waliipinga hadharani bila kumpiga mtu jiwe. Usumbura haikuhitaji kufundishwa maana ya mgomo wa kodi.

CHAMA, MGOMO NA KIZUIZI

Kutoka kwenye ushirika kilikua chama. UPRONA, yaani Umoja kwa Maendeleo ya Taifa, kiliundwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rwagasore akawa sauti yake kubwa. Kilitaka uhuru wa haraka chini ya ufalme wenye katiba. Kilichowatisha wapinzani wake zaidi ni muundo wake. Ndani yake walikuwemo Waganwa wa ukoo wa kifalme, Watutsi, na viongozi Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe. Rwagasore mwenyewe alikuwa amemwoa Marie-Rose Ntamikevyo, Mhutu, mwezi Septemba 1959.

Upande wa pili kilisimama chama cha PDC, kilichoongozwa na watoto wa chifu mkubwa Pierre Baranyanka, akina Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza. Hawa walikuwa Watare, tawi la Waganwa lililoshindana kwa miaka mingi na Wabezi wa ukoo wa Rwagasore. Walitaka uhuru uje polepole, na Ubelgiji iliwapenda kwa hilo. Rwagasore, kwa upande wake, aliitwa mkomunisti, jina lililotosha wakati ule kumfungia mtu milango mingi.

Mwaka 1960 ndipo aliposema waziwazi neno lililomfanya awe hatari. Aliwahimiza Warundi waache kununua katika maduka ya Wabelgiji na wakatae kulipa kodi. Hakuita watu porini. Aliwataka wafanye jambo ambalo kila mmoja angeweza kulifanya nyumbani kwake, akiwa na fedha yake mfukoni, bila kumgusa askari.

Wabelgiji walielewa uzito wa jambo hilo. Utawala wa kikoloni huishi kwa kodi, na kampuni zake huishi kwa wateja. Uasi wa mikuki una dawa yake, nayo ni kikosi cha askari. Duka lisilo na mteja halina askari wa kulitibu. Zaidi ya hayo, Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na kuwapiga risasi watu waliokataa tu kununua sukari kungekuwa vigumu kuelezwa New York.

Jibu lilikuja kwa njia ya sheria na kufuli. Yaliwekwa masharti ya kuwazuia jamaa wa karibu wa Mwami kushiriki siasa, na kila mtu alijua yanamlenga nani. Mwishoni mwa Oktoba 1960, uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, Rwagasore aliwekwa kizuizini Bururi, kusini mwa nchi. Aliachiliwa Desemba, kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa. PDC ilipata viti 942 kati ya 2,876; UPRONA ikapata 545.

MAJIRANI WAKIWAKA MOTO

Hapo ndipo mtu mwenye hasira angeweza kuchukua njia nyingine, na mifano haikuwa mbali. Nchini Rwanda, machafuko ya Novemba 1959 yalikuwa yamechoma nyumba na kuua watu, na Watutsi kwa maelfu walikimbilia nchi jirani, Burundi ikiwa mojawapo. Wahutu wa Rwanda walikuwa na madai ya kweli dhidi ya dhuluma ya muda mrefu. Lakini njia ya moto ilimwadhibu jirani badala ya mfumo, na wakimbizi waliovuka mpaka walibeba madai yao mapya, yaliyozaa vita vingine miaka ya mbele.

Upande wa magharibi, Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na katika muda wa siku chache jeshi likaasi dhidi ya maofisa wake wa Kibelgiji. Patrice Lumumba, ambaye Rwagasore alifahamiana naye, aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Upande wa mashariki hali ilikuwa tofauti. Tanganyika ilikuwa ikielekea uhuru wa Desemba 1961 kwa mikutano, ushirika wa wakulima na kura, na TANU ya Julius Nyerere ilimuunga mkono Rwagasore.

Kijana huyo aliyetoka kizuizini alikuwa na mifano hiyo mitatu mipakani mwake. Alichagua ule wa mashariki.

KURA YA SEPTEMBA

Uchaguzi wa bunge ulipangwa kufanyika chini ya macho ya Umoja wa Mataifa. UPRONA kilifanya kazi ambayo chama kilichoshindwa hukataa kuifanya: kilirudi vijijini. Kilizunguka kilima kwa kilima, kikitumia jina la Mwami, ambalo wananchi waliliheshimu, na mitandao ya wafanyabiashara waliojua kila soko na kila mwenye baiskeli. Watu ambao walitakiwa jana wasilipe kodi walitakiwa leo wapange foleni.

Tarehe 18 Septemba 1961 chama hicho kilipata viti 58 kati ya 64. Ndani ya miezi kumi, waliokuwa wameshindwa vibaya walikuwa wamechukua karibu bunge zima, na hakuna kijiji kilichochomwa moto ili jambo hilo liwezekane.

Baada ya ushindi Rwagasore hakuwaita wafuasi wake walipize kisasi. Alisema ushindi ni wa nchi nzima, akawataka wapinzani wasiogope, na akaomba serikali yake ihukumiwe kwa matendo yake. Mwishoni mwa Septemba akawa waziri mkuu. Yale masharti dhidi ya jamaa wa Mwami hayakuweza tena kumzuia mtu aliyechaguliwa na nchi.

RISASI KANDO YA ZIWA

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, wiki mbili tu baada ya kushika madaraka, Rwagasore alikuwa akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Mtu aliyejificha nje alimpiga risasi moja ya bunduki. Muuaji alikuwa Jean Kageorgis, Mgiriki aliyekuwa akiishi Usumbura.

Uchunguzi ulifika haraka kwa viongozi wa PDC. Kageorgis alihukumiwa kifo na kupigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya Burundi kuwa huru. Washtakiwa wengine, miongoni mwao Biroli, Ntidendereza na mfanyabiashara wa Kigiriki Michel Iatrou, walihukumiwa upya na Burundi huru, na watano wakanyongwa hadharani Gitega tarehe 15 Januari 1963. Ni kiasi gani maofisa wa Kibelgiji walijua au walichochea mauaji hayo ni suala ambalo Burundi haijaacha kulidai hadi leo.

Nyumbani kwa marehemu hakukubaki mrithi. Watoto wake wawili wa kike walifariki wakiwa wachanga. Yeye alizikwa kwenye kilima kinachotazama jiji na ziwa.

WALIOLICHUKUA JINA LAKE

Mauaji hayo yanaweza kuonekana kama hoja ya watetezi wa silaha: mtu wa amani alishinda kwa amani, kisha akauawa kama ndege. Lakini yaliyofuata hayawasaidii sana.

Warithi wa kisiasa wa Rwagasore hawakuelewana. Mtu aliyekuwa amewaunganisha Wahutu, Watutsi na Waganwa alikuwa ameondoka, na chama hakikuwa na utaratibu imara wa kubeba mzigo huo bila yeye. Mwezi Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya mazishi, vijana wa jumuiya iliyobeba jina la Rwagasore walishambulia mtaa wa Kamenge na kuwaua wanasiasa Wahutu. Jina la mtu aliyekataza kisasi lilitumiwa kama leseni ya kisasi.

Kuanzia hapo kila upande ulijifunza kuitumia bunduki. Waziri mkuu Ngendandumwe aliuawa Januari 1965. Oktoba mwaka huohuo maofisa Wahutu walijaribu kupindua serikali; wakashindwa, na viongozi wengi wa Kihutu, Mirerekano akiwemo, waliuawa katika ulipizaji uliofuata. Ufalme uliangushwa mwaka 1966.

Mwezi Aprili 1972 waasi Wahutu waliibuka kusini, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na kuwaua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu kuanzia wasomi, walimu na wanafunzi, na makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000. Waliobaki walivuka mpaka na kuanzisha maisha Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania.

Waliodhulumiwa walikuwa na haki ya kulalamika. Hilo halina ubishi. Lakini uasi wa 1972 uliipa serikali kisingizio ilichokuwa ikikihitaji, na aliyelipa si mtawala wala mwasi peke yake. Wapiganapo tembo nyasi ndizo zinazoumia, na katika eneo hili nyasi ni mama wa sokoni, mwenye boti, mwanafunzi na mwenye duka moja la kuanzia maisha.

Tarehe 21 Oktoba 1993 rais wa kwanza aliyechaguliwa na wananchi wote, Melchior Ndadaye, aliuawa na wanajeshi miezi michache baada ya kuapishwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata vilichukua maisha ya watu wapatao 300,000. Ndiyo sababu sura za watu hao wawili ziliwekwa pamoja kwenye noti moja: mmoja mwana wa Mwami, mwingine Mhutu, wote walishinda kwa kura na wote waliuawa mwezi Oktoba.

SILAHA YA SOKO YARUDI

Kitu kimoja kutoka kwa Rwagasore kilirudi kwa namna nyingine. Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi Julai 1996, viongozi wa nchi jirani hawakupeleka majeshi. Walifunga biashara. Vikwazo vya kiuchumi vilitangazwa Arusha, na mipaka ya Tanzania, Kenya, Uganda na wengine ikafungwa kwa mizigo ya Burundi, hadi viliposimamishwa Januari 1999.

Wafanyabiashara wa mpakani wa umri mkubwa wanaikumbuka miaka hiyo. Mafuta na sukari vilipanda bei, magendo yalistawi, na mwananchi wa kawaida aliumia kuliko mwenye cheo. Tofauti na mgomo wa Rwagasore ilikuwa wazi: ule waliuamua Warundi wenyewe kuhusu fedha zao, huu uliamuliwa na wengine kwa niaba yao. Hata hivyo shinikizo hilo lilikuwa sehemu ya mambo yaliyozikalisha pande zote mezani. Mazungumzo yaliyosimamiwa na Nyerere hadi kifo chake mwaka 1999, kisha na Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa amani wa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

HESABU YA MWISHO

Ukiyaweka maisha ya Rwagasore kwenye mizani, hayasemi kwamba amani hushinda kila mara au kwamba haina gharama. Yeye mwenyewe aligharimika kuliko wote. Yanasema mambo mawili ambayo mara nyingi husahaulika watu wanapobishana kuhusu uasi na amani.

La kwanza ni kwamba upinzani wa amani si upole. Mgomo wa maduka na kodi ulikuwa pigo la makusudi, lililolenga mahali ambapo mtawala anaumia. Ulifanikiwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kazi ya miaka: ushirika, mitandao ya masoko, chama chenye watu wa kila kabila. Maandamano ya siku moja yasiyo na daftari la wanachama yasingefika kwenye viti 58.

La pili ni kwamba ushindi wa amani unahitaji kulindwa na taasisi. Bunduki moja iliweza kuivuruga Burundi kwa sababu umoja ule ulikuwa umefungwa kwenye mwili wa mtu mmoja. Kama chama, mahakama na jeshi vingekuwa vya Warundi wote, risasi ya Hoteli Tanganyika ingekuwa msiba mkubwa, lakini isingekuwa mlango wa misiba mingine.

Mwezi Gisabo alipigana na akalipa ng'ombe 424. Inamujandi aliasi na kodi ikabaki. Waasi wa 1972 walichukua silaha na wananchi wasio na hatia wakalipa. Rwagasore alikataa kununua, akapiga kura, na Ubelgiji ikaondoka tarehe 1 Julai 1962. Kati ya njia zote ambazo Warundi walizijaribu kumwondoa mtawala wa kigeni, yake ndiyo iliyofika. Walioshindwa kuitunza baada yake hawakuwa Wabelgiji tu.